Kabla Hujapanda Gari la Kasulu

Mei 2015 hakukuwa na mpira katika uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma. Wakimbizi kutoka Burundi walishushwa gatini, wakaletwa uwanjani kupumzika, kisha mabasi yakawachukua kuwapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikwenda pale na mfuko wa nguo za wanangu zilizowabana, na moyo uliofura huruma. Dada mmoja aliyevaa kizibao cha wahudumu aliutazama mfuko wangu, akauweka kando, akanikabidhi fagio na ndoo ya maji ya klorini. "Vyoo vile pale, mwalimu." Ndiyo iliyokuwa zamu yangu ya kwanza ya kusaidia wakimbizi, na ya pili, na ya tatu.

Nakuandikia wewe unayesikia redioni kwamba watu wamevuka tena ziwa au mto, ukajisemea: na mimi niende. Ukienda, nenda ukijua kwamba kazi kubwa wameshaifanya wenyewe. Wametembea usiku, wamevusha watoto, wamejadiliana na wenye mitumbwi, wamefika. Wewe hufiki kama mwokozi. Unakwenda kuangalia bomba lisikauke, foleni isivunjike na jina la mtu lisiandikwe vibaya.

Na uelewe mahali penyewe. Kambi ya muda haichagui eneo zuri. Mwaka ule, Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa kugombea muhula wa tatu, Warundi walianza kukimbia, na makumi elfu wakajikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima mkali. Hapakuwa na barabara ya gari. Njia ilikuwa ni ziwa, au kupanda mlima kwa miguu. Meli ya MV Liemba, ile ile iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, haikuweza kutia nanga ufukweni kwa kuwa hapakuwa na gati. Watu walipelekwa kwa boti ndogo hadi kando yake, wakapandishwa mmoja mmoja, watu 600 kwa safari. Wakati huo huo kipindupindu kiliingia, na ndani ya wiki chache watu wapatao 30 walikuwa wamekufa. Ufukwe mmoja ulikuwa kisima, bafu na choo kwa pamoja. Hiyo ndiyo kambi ya muda katika siku zake za mwanzo: watu wengi mno juu ya kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekiandaa.

Neno "muda" nalo lisikudanganye. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Waliozaliwa humo mwaka ule sasa nao wana watoto.

Kwanza jiulize kama uende

Nitasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kama unatoka Dar es Salaam au Nairobi, nauli yako ya kwenda na kurudi, chakula chako na malazi yako vingenunua sabuni ya familia nyingi kwa mwezi mzima. Kijana wa Kasulu au Kibondo anaweza kufagia, kubeba na kupanga foleni kama wewe, tena akizungumza Kiha, ambacho Mrundi anakielewa kwa sehemu kubwa bila mkalimani. Kwa hiyo sikuulizi kama una moyo. Nakuuliza mikononi una nini ambacho kule hakipo.

Muuguzi anatakiwa. Fundi bomba anatakiwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Seremala, dereva wa lori, mpishi aliyezoea masufuria ya harusini, mtunza stoo anayejua kuandika leja isiyo na mikwaruzo, wote wana kazi. Nimemwona fundi bomba aliyeishia darasa la saba akiokoa wiki nzima ya kituo kwa kubadilisha vali moja, na nimewaona wasomi wakizunguka siku nne na vishikwambi wakiuliza watu wanajisikiaje. Kama huna ufundi wowote lakini una wiki tatu na mgongo wenye nguvu, bado unafaa, ila ukubali fagio.

Ukiona jibu ni hapana, usione haya. Tuma fedha kwa shirika ambalo tayari lipo pale. Fedha hununua kinachohitajika leo, na hununua sokoni Kasulu, mwenye duka wa pale naye akapata riziki. Nguo kuukuu ni mzigo: lazima zipokelewe, zichambuliwe, zihifadhiwe zisinyeshewe, na mwisho wake unakuta viatu vya visigino virefu na suti za sufu ambazo hakuna wa kuzivaa kwenye tope. Ule mfuko wangu wa nguo za watoto niliukuta palepale pembeni siku ya tatu, umelowa, panzi wamehamia. Kama lazima upeleke kitu, uliza kwanza. Mara nyingi utaambiwa sabuni, ndoo zenye mfuniko, tochi, taulo za kike, na kanga au vitenge, kwa sababu mwanamke aliyekimbia na nguo moja anahitaji cha kujistiri siku anayoifua hiyo moja.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga usipeleke kabisa. Yanachanganywa na maji machafu kwenye chupa isiyochemshwa, mama anapunguza kunyonyesha, maziwa yanakauka, kisha kopo linaisha. Mama aliyekosa maziwa ana wahudumu wa lishe wa kumwona, nao wanajua la kufanya. Kopo lako litawaharibia kazi.

Kibali na heshima ya mlangoni

Kambi za Tanzania ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na huingii bila kibali. Usifike getini na gari lililojaa unga ukitegemea ukarimu wa mlinzi. Utarudishwa, na ni haki. Mtu anayejitolea huingia kupitia shirika lenye kazi pale. Njia ya kawaida kwa Mtanzania ni Chama cha Msalaba Mwekundu, chenye matawi mikoani na wajitoleaji waliofunzwa huduma ya kwanza. Parokia na misikiti pia huwa na mipango yake. Jiunge sasa, kabla hakujatokea lolote, upate mafunzo wakati watu wana nafasi ya kukufundisha. Siku mafuriko ya watu yanapoingia, hakuna mwenye saa mbili za kukueleza namna ya kuchanganya klorini.

Utapewa kanuni za maadili utie sahihi. Zisome. Nitazirudia hapo mbele, maana zina historia chungu.

Mzigo wako uwe mdogo: mabuti ya mpira, koti la mvua, tochi ya kichwani, chandarua (Kigoma ina malaria nyingi), dawa zako mwenyewe za muda wote utakaokaa, chupa ya maji, daftari la mfukoni na kalamu tatu. Acha nyumbani fulana na kofia za chama chochote cha siasa, hata kama ni fulana imara ya bure na umezoea kuifanyia kazi. Wako watu waliokimbizwa na vijana waliovaa sare za chama, na hawatakueleza kwa nini wanalikwepa bomba unalolisimamia.

Maji, au hesabu inayotawala siku yako

Mashirika ya misaada duniani hutumia kitabu cha viwango kiitwacho Sphere. Kiwango chake cha chini ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250, lisiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka wanapolala, na mtu asisubiri foleni zaidi ya dakika 30. Choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni kabisa, kisha kishuke haraka hadi watu 20.

Ukizisoma ofisini, hizi ni namba tu. Zipigie hesabu ukiwa umesimama kando ya bomba. Watu 250 wakichota lita 15 kila mmoja, hizo ni lita 3,750. Bomba zuri hutoa lita 7.5 kwa dakika. Gawanya: dakika 500, yaani zaidi ya saa nane za maji kutiririka bila kufungwa hata mara moja, bila ugomvi, bila dumu kupinduka, bila mtu kuosha miguu. Sasa fikiria koki inavuja, presha imeshuka nusu. Saa nane zinakuwa saa kumi na sita, na giza limeingia kabla ya watu wote kupata. Wanaobaki gizani ni akina mama na mabinti, kwa kuwa ndio wanaotumwa maji. Ndiyo maana nasema koki inayovuja kambini ni jambo la usalama wa mabinti. Iandike, taja bomba lipi, mfuate fundi mpaka aje.

Familia ya watu watano inahitaji lita 75, karibu madumu manne ya lita 20. Mama mwenye kichanga mgongoni na dumu moja lililopasuka atarudi mara nne, tano. Ukiwa na uwezo wa kugawa kitu chochote siku hiyo, gawa madumu. Yawe yenye mdomo mwembamba na kifuniko, kwa sababu kwenye ndoo iliyo wazi mkono wa mtoto huingia na kikombe, na maji yaliyotoka bombani yakiwa safi yanaingia tumboni yakiwa machafu.

Kipindupindu kikiwapo, mambo yako ni matatu: maji yenye klorini, vyoo vinavyooshwa, na kumnywesha mgonjwa mapema. Anayeharisha maji kama ya mchele apewe maji ya chumvichumvi papo hapo, njiani kuelekea kliniki, usingoje afike. Pakiti nyingi za chumvichumvi huchanganywa na lita 1 ya maji salama, lakini ziko za nusu lita, kwa hiyo soma maandishi kabla hujapasua. Pakiti zikiisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi, unamdhuru. Usimpe dawa ya kufunga kuharisha uliyotoka nayo mjini.

Kuhusu kuosha vyoo, nitakwambia siri ya wazee wa kazi hii: ukitaka watu wakuamini, osha choo mbele yao siku ya kwanza. Siku ya pili utakuta wenzako wa kuosha wamepatikana humo humo kambini. Wakishapatikana, na shirika likiwalipa ile posho yao ndogo, waachie. Mkimbizi aliyepoteza duka, shamba na ng'ombe anaitafuta posho ile kwa jasho, na wewe unayefanya bure unaweza kuwa ndiye unayemnyang'anya.

Foleni

Siku moja niliingia na katoni ya biskuti niliyonunua mjini kwa fedha zangu. Nilikuwa nimewahesabu watoto wa hema moja, kumi na wanane. Nilipofungua katoni walikuwa mia. Mtoto mmoja aliangushwa, akakanyagwa mkono. Mzee wa Kirundi aliyekuwa ameketi kivulini alinyanyuka, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, watoto wakakaa chini mistari mitatu. Baadaye nikaambiwa alikuwa mwalimu mkuu kwao. Nilikuwa nimepita mbele yake siku mbili bila kumsalimia.

Kwa hiyo usigawe chochote peke yako, hata peremende. Kinachogawiwa kiwe kimehesabiwa, kiwe kinatosha, na watu wawe wametangaziwa mapema: nini, kiasi gani kwa mtu, saa ngapi, na asiyepata aende kwa nani. Foleni huvunjika watu wanapohisi kinakwisha. Weka kipimo wazi mbele yao, bakuli lile lile kwa kila mtu, ili hata aliye nyuma aone kwamba hakuna anayepewa la kujaa zaidi. Panga mstari wa pembeni wa wajawazito, wazee, walemavu na wenye vichanga, na useme kwa sauti kwa nini wao wanatangulia. Halafu watafute viongozi wao, wale waliochaguliwa na wale wanaosikilizwa bila kuchaguliwa, wasimamie wao. Wewe shika daftari.

Lugha, mali uliyokwenda nayo bila kujua

Mgeni kutoka Ulaya anahitaji mkalimani kwa kila neno. Wewe umebeba Kiswahili, na kutoka Uvira hadi Fizi na Kalemie Wakongo wanazungumza Kiswahili. Warundi wengi nao wanakielewa, hasa waliokaa mijini au waliowahi kuwa wakimbizi Tanzania miaka ya nyuma. Mali hii ina mitego yake.

Machi 2023 Wakongo wengine walipovuka ziwa kuingia Kigoma, niliwekwa meza ya afya kuandika maelezo ya wagonjwa. Mama mmoja akaniambia mwanawe amekwisha kupelekwa kwa munganga na akapewa dawa. Nikaandika: ametumia dawa za mganga wa kienyeji. Muuguzi aliposoma alimpa mama wa watu somo refu la hatari za miti shamba. Mama alisikiliza kwa adabu yote, kisha akafungua kikwembe chake, akatoa karatasi ya hospitali yenye mhuri na majina ya dawa. Kwao munganga ni daktari. Nilikuwa nimemdhalilisha kwa lugha niliyojivunia kuijua.

Tangu hapo ninauliza tena. Ukisikia sombe, ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Kikwembe ni kitenge. Bugali ni ugali. Watakwambia aksanti, na hawajakosea neno, hicho ni Kiswahili chao. Usiwasahihishe na usicheke "batoto." Ukiwa Muha, usijidanganye kwamba Kirundi chote unakijua kwa sababu mnaelewana sokoni. Maneno ya ugonjwa, ya sheria na ya aibu ya mwili ndiyo yanayotofautiana, na ndiyo yanayohitajika pale. Jifunze angalau mwaramutse ya asubuhi, mwiriwe ya mchana, na murakoze ya kushukuru. Anayesalimiwa kwa lugha yake hulegeza mabega.

Ukikalimani, sema alichosema mtu, chote, bila kukipamba na bila kukifupisha. Akisema "mimi", nawe sema "mimi." Mtoto asitumwe kukalimani maneno ya mama yake kwa daktari, wala jirani. Na mwanamke hataeleza mbele ya mkalimani mwanamume kilichompata njiani. Ukiona anainamisha uso na majibu yamekuwa mafupi, nyanyuka, mwite dada, toka nje.

Kwenye uandikishaji kuna jambo linalowasumbua sana Watanzania na Wakenya. Burundi hakuna desturi ya ukoo mzima kubeba jina moja la ubini. Baba anaweza kuwa Hakizimana, mtoto wa kwanza Niyonkuru, wa pili Irakoze, mama Ndayishimiye, na wote ni familia ya damu moja. Karani asiyejua huona majina manne, akadhani amekutana na watu wanaookoteza watoto ili waongezewe mgawo. Familia hutenganishwa namna hiyo, mmoja basi hili, mwingine basi lile. Andika jina kama mwenyewe anavyolitamka na kulitahajia, msomee alisikie, kisha andika uhusiano wake na mkuu wa kaya. Kama ana cheti chochote, nakili kutoka kwenye cheti.

Na mtu asiitwe "mkimbizi" usoni pake. Ana jina. Ni mama, ni baba, ni mzee, ni mwalimu. Kwa Mkongo, baba ni papa. Muulize alikuwa akifanya kazi gani kwao. Utapata mkunga aliyekaa bila kazi mita hamsini kutoka kliniki iliyokosa mkunga.

Watoto, picha na majina

Mtoto aliye peke yake asichukuliwe "kwa usalama" nyumbani kwako, hotelini kwako wala kwenye gari lako. Kaa naye pale pale alipoonekana, kwa maana mzazi atarudi kumtafuta pale alipompoteza, na mtume mwenzako akawaite wahusika wa ulinzi wa watoto. Wakati mnasubiri, andika alivyovaa, jina analojiita, jina la kijiji, alikuja na nani, alimwona mara ya mwisho wapi. Msalaba Mwekundu una kazi maalumu ya kuunganisha familia zilizopotezana, na taarifa hizo za dakika kumi za kwanza ndizo zitakazotumika miezi sita baadaye. Mtoto husahau haraka kuliko unavyodhani, hasa majina ya vijiji.

Kuhusu njaa, mhudumu wa afya atakufundisha utepe wa kupima mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto huyo anabebwa kliniki sasa hivi, hata kama anacheka. Kati ya 11.5 na 12.5 anaandikishwa apewe lishe ya nyongeza.

Simu yako ibaki mfukoni. Sura ya mtu aliyekimbia ikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, inaweza kufika kwa yule aliyemkimbia. Orodha ya majina ni hatari zaidi: usiipige picha hata kama karani wenu amekuomba umtumie "kwa haraka." Akija mtu mwenye heshima zake akiuliza kama fulani wa mahali fulani amefika, jibu lako ni kumwelekeza ofisini. Usiseme yupo, usiseme hayupo.

Usimhoji mtu habari za vita ili umsaidie kutoa uchungu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, limefupisha kazi hii kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani ana shida ya haraka. Msikilize anayetaka kusema, na unyamaze na asiyetaka. Muunganishe na maji, blanketi, ndugu, muuguzi. Na usiahidi. "Mtoto wako atapatikana, mama" ni sentensi niliyowahi kuisema, kwa nia njema kabisa, na yule mama alinifuata kila asubuhi kwa siku tisa kuniuliza.

Lisilo na msamaha

Mwaka 2002 uchunguzi wa UNHCR na Save the Children huko Guinea, Liberia na Sierra Leone ulifichua kwamba watu wa misaada walikuwa wakidai ngono kwa mabinti wa kambini ili wawape chakula na maturubai. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka uliopiga marufuku mambo hayo kwa wafanyakazi wake, na mashirika mengine yakaweka kanuni za namna hiyo. Ndizo hizo unazotia sahihi. Kulala na aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, na "sikujua umri wake" haisikilizwi. Kubadilishana fedha, kazi au msaada kwa ngono ni marufuku. Nawe ukimtilia shaka mwenzako, unatakiwa utoe taarifa, hungoji ushahidi.

Msaada wote ni bure. Waambie watu hivyo kila siku kwenye kipaza sauti, waeleze na pa kulalamikia. Kijana mwenye kizibao anayeomba "ya soda" ili alete jina mbele huanza kidogo hivyo.

Wenyeji nao

Kagunga walikuwapo wavuvi kabla ya wakimbizi, na ziwa lililoingiwa na kipindupindu ni lao pia. Kila kambi ina vijiji pembeni ambavyo kuni zao zimepungua, visima vyao vimepata wateja wapya na bei za sokoni zimepanda. Ukifika, kapige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji. Nunua mboga zako kijijini. Wanawake wa kambini hushambuliwa wakienda kuokota kuni, na hilo haliishi kwa kuwalaumu wanakijiji wote. Wanaolimaliza ni watu wanaofahamiana, wanaokubaliana siku na njia za kwenda kuni kwa makundi.

Habari za kurudi nyumbani, za kambi kufungwa au kutofungwa, usizizungumze. Utaulizwa, maana mtu yeyote mwenye kizibao huonekana kama serikali. Neno lako la kubahatisha litageuka tangazo kabla ya jua kuzama, na kuna watakaofunga virago kwa sababu yake.

Wewe mwenyewe kula, lakini usile mbele ya foleni. Lala zamu yako yote. Ukiona umeanza kuwafokea watu au umeanza kuwachukia, mwambie kiongozi wako akuondoe bombani siku mbili akuweke stoo. Mimi nilihamishiwa stoo, nikahesabu blanketi na kulia humo, hakuna aliyeniuliza.

Tarehe ya kuondoka itangaze siku ile ile unayofika, hasa kwa watoto, ili wasiamke wakakukosa. Namba ya simu usiwaachie watu wa kambini ikiwa huna nia ya kuipokea. Kizibao rudisha. Daftari mkabidhi anayekupokea zamu, mketi naye, mpitie ukurasa kwa ukurasa: bomba la nne kutoka kwenye mwembe linavuja, fundi ameahidi kuja Alhamisi, mama wa hema la mwisho ni mjamzito wa miezi minane na hataki kusema, mzee mwalimu mkuu anahitaji chaki.